Mbwa adimu, adimu kwa sababu gani?

Tangazo lenyewe huwa fupi: "French Bulldog, lilac merle fluffy, damu ya nje, adimu sana, amebaki mmoja, wahi." Chini yake kuna picha ya mtoto wa mbwa mwenye mabaka ya kijivu na macho ya buluu, amekalishwa kwenye kochi. Bei yake inamzidi bulldog wa rangi ya kawaida mara kadhaa. Ukiuliza kilichoipandisha utaambiwa, "Bosi, mbegu hii haipatikani." Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: haipatikani kwa sababu gani?

Mbwa si mti wa mpingo. Jike hubeba mimba siku 63 hivi na kuzaa watoto kadhaa kwa mkupuo. Rangi nzuri isiyo na madhara ingekuwa imejaa mitaani ndani ya miaka michache. Rangi ikibaki adimu kizazi baada ya kizazi, mara nyingi ni kwa sababu waliotunza mbegu hiyo waliiona zamani, wakajua inachofanya, wakaacha kuipandisha. Au haikuwamo kabisa kwenye mbegu hiyo, imeingizwa juzi kwa kuchanganya.

Chukua hiyo merle. Inatokana na jeni iitwayo PMEL iliyochomekwa kipande cha ziada cha DNA, na kazi yake ni kufifisha rangi kwa mabaka. Kwa Australian Shepherd na Collie ipo tangu zamani. Kwa bulldog wa Kifaransa haikuwamo. Ililetwa na mbwa wa mbegu nyingine, kisha watoto wakaandikwa kuwa halisi. Ndiyo maana Kennel Club ya Uingereza, chama kikuu cha usajili wa mbwa huko, haimsajili bulldog wa Kifaransa wa merle, na kiwango rasmi cha mbegu hiyo Marekani kinamtoa mashindanoni.

Mbwa mwenye nakala moja ya merle, yaani aliyoipata kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi vizuri tu. Balaa liko kwenye nakala mbili. Merle akipandishwa kwa merle, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne huzipata zote mbili, na huyo yuko kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa kiziwi, kipofu, au na macho madogo yasiyokamilika. Wengi wao ni weupe karibu mwili mzima, na kuna wauzaji wanaougeuza hata weupe huo kuwa sababu ya kuongeza bei. Tena kuna mtego: mbwa wa rangi ya krimu anaweza kubeba merle bila kuonekana, kwa sababu hana rangi nyeusi ya kufifishwa. Kwa hiyo "dume si merle, ni krimu tu" bado si jibu. Jibu ni karatasi ya maabara inayoonyesha kipimo cha merle cha baba na cha mama.

Mtoto kiziwi akiwa na ndugu zake humtambui. Wakiinuka anainuka, wakikimbilia bakuli anakimbilia. Omba atengwe peke yake chumbani. Kaa nyuma yake asikuone, usikanyage kwa kishindo, maana sakafu ikitetemeka atageuka kwa kuhisi tu. Chezesha funguo upande wa kushoto, subiri, kisha upande wa kulia. Anayesikia atachezesha sikio au kugeuza kichwa. Rudia baada ya dakika kumi, kwa kuwa watoto huchoka na kupuuza. Kiziwi wa sikio moja atakupita kwenye jaribio hili. Wa namna hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha BAER, kinachosoma mawimbi ya umeme kutoka sikioni hadi kwenye ubongo, na si kila kliniki inacho.

Neno "lilac" nalo lina mambo yake. Jeni ya MLPH ikiwa na kasoro kwa nakala mbili, rangi nyeusi hufifia ikawa kijivu, ambayo sokoni huitwa "blue", na ya kahawia huwa "lilac". Baadhi ya mbwa wa rangi hizo hupata ugonjwa wa kunyonyoka manyoya. Ujanja wa biashara umekaa kwenye kalenda: ugonjwa huo huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu, na mtoto anauzwa akiwa na miezi miwili, manyoya yanang'aa kama hariri. Baadaye mgongo unabaki na vipara, ngozi inakauka na kutoa magamba, na vipele vya bakteria vinarudi kila vikitibiwa. Dawa ya kuumaliza hakuna. Ni shampuu, mafuta ya ngozi na antibayotiki kwa vipindi, maisha yake yote. Si kila mbwa wa buluu anaugua. Weimaraner wote wana kasoro hii ya rangi na wengi ngozi zao ni nzima. Lakini ukienda kununua, usiangalie manyoya ya mtoto. Angalia ya mama na ya baba, hasa mgongoni na masikioni, na uulize wana umri gani.

Labrador wa "silver" ni jeni hiyo hiyo. Kiwango cha Labrador kinataja rangi tatu: nyeusi, njano na kahawia. Huko Marekani huyo wa fedha husajiliwa kama wa kahawia, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha cheti kilichoandikwa "silver" amekuonyesha cheti cha kutengenezwa, au cha chama kinachosajili chochote kilicholipiwa.

Na Dobermann mweupe, anayeitwa "cream" au "ivory": huyu anatokana na jike mmoja aliyezaliwa Marekani mwaka 1976, ambaye ukoo wake ulipandishwa wenyewe kwa wenyewe ili rangi iendelee. Kasoro iko kwenye jeni ya SLC45A2. Mbwa hawa hufumba macho mwangani na hupata uvimbe wa ngozi mara nyingi zaidi kuliko Dobermann wenye rangi. Kumweka mbwa wa namna hiyo uani Dodoma, saa saba mchana, ni kumwadhibu kwa kosa la mfugaji.

Upande wa pili wa soko ni machotara. Uchotara si aibu wala si ugonjwa. Mbwa koko wa mitaani kwetu si wa mbegu yoyote na anadunda. Tatizo ni bei inayoletwa na jina. Mwaka 1989, Wally Conron wa shirika la mbwa viongozi wa vipofu huko Australia aliombwa mbwa kiongozi kwa ajili ya mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Alijaribu Poodle wengi, hawakufaa kazi. Akampandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu, na mmoja wao ndiye aliyefaa kwa mzio wa yule bwana. Wale wawili waliobaki hawakupata mtu wa kuwalea, maana waliokuwa kwenye foleni hawakutaka chotara. Conron akabuni neno "Labradoodle" na kutangaza mbwa wa aina mpya. Simu zikaanza kulia. Mbwa walikuwa wale wale. Miaka ya baadaye alisema waziwazi kwamba anajutia alichokianzisha, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuchanganya mbwa bila kupima chochote.

Madai mawili husindikiza kila "doodle" na kila "poo", yaani machotara wa Poodle. La kwanza, kwamba haleti mzio. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulipima Can f 1, protini kuu ya mbwa inayowasumbua wenye mzio. Kwenye manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa salama ilikutwa kwa wingi zaidi kuliko kwa mbwa wengine, na kwenye hewa ya nyumba zao haikuwa pungufu. Kutopukutisha nywele ni jambo moja, protini ya mate na ngozi ni jingine. Mwenye mzio asinunue kwa maneno. Akae na mbwa yule yule anayemtaka, saa mbili tatu, zaidi ya siku moja, chumba kimefungwa.

La pili, kwamba chotara hana magonjwa ya kurithi. Hili ni kweli nusu. Kasoro inayohitaji nakala mbili haijitokezi ikiwa ni mzazi mmoja tu anayeibeba. Lakini Labrador na Poodle wote wawili wanabeba prcd-PRA, kasoro inayokausha retina na kumpofusha mbwa taratibu. Wazazi wote wakiwa wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani atapofuka, awe chotara asiwe chotara. Nyonga mbovu nazo ziko pande zote mbili. Na wakipandishwa machotara kwa machotara, manyoya ndani ya uzao mmoja yanaweza kuwa ya namna nne: ya singa, ya mawimbi, ya kujisokota, na yale yanayopukutika na kusokotana kwa pamoja, ambayo mwenyewe utayachana kila siku au utamnyoa.

Kuna pia biashara ya udogo. "Teacup" si mbegu. Hakuna chama kikubwa cha mbwa kinachoitambua. Mbwa hupunguzwa kwa kupandisha vibete kwa vibete, au kwa kumnyima mtoto chakula, au kwa njia rahisi kuliko zote: kudanganya umri. Mtoto wa wiki tano akiitwa wa wiki kumi anaonekana maajabu.

Umri uko mdomoni. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba. Meno ya mbele ya utoto na chonge huanza kutoka kwenye wiki ya tatu au ya nne, na magego ya utoto hufuata. Kufikia wiki ya nane mtoto wa mbegu nyingi ana meno 28 makali kama sindano. Mbegu ndogo huchelewa kidogo. Ukikuta ana chonge na meno ya mbele tu, nyuma ni fizi tupu, na muuzaji anasema wiki kumi, shaka ni halali. Kinyume chake, meno mapana ya ukubwani katikati ya mstari wa mbele maana yake amepita miezi mitatu, huenda minne. Kisha pitisha kidole utosini. Shimo laini kubwa kuliko ncha ya kidole, pamoja na kichwa cha mviringo na macho yanayotazama pembeni, ni la kumwonyesha daktari wa mifugo kabla ya kulipa, kwani linaweza kuendana na maji kwenye ubongo.

Wadogo hawa sukari yao hushuka haraka. Akikosa chakula saa chache anayumba, anatetemeka, anaweza kuzimia. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha mkimbize kliniki. Muuzaji mkweli atakupa ratiba ya milo minne au zaidi kwa siku. Asiyeitaja huenda hata yeye hajui alichokishika.

Bulldog wa Kifaransa anastahili aya yake, kwa sababu ndiye aliyempita Labrador kwa usajili Marekani mwaka 2022 baada ya Labrador kuongoza miaka 31. Pua fupi imebana nyama ya kaakaa na matundu ya pua kwenye nafasi ndogo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kama ya Mombasa au Dar mwezi Februari, kuhema kwenyewe hakusaidii sana. Mwenye pua fupi hufika kwenye joto la kuua mapema kuliko mwenzake. Chuo Kikuu cha Cambridge kilitengeneza kipimo ambacho sehemu yake unaweza kuiiga uani: sikiliza pumzi ya mzazi akiwa ametulia, mkimbize mchakamchaka dakika tatu, sikiliza tena. Mngurumo wa puani na kooni unaosikika hata bila kifaa, povu mdomoni, au kulala chini kabla ya dakika tatu, ni alama za mzazi asiyestahili kupandishwa. Tazama matundu ya pua: yawe wazi, si mistari miwili. Na uliza jike amepasuliwa mara ngapi. Mbegu hii wengi wao huzaa kwa upasuaji. Kennel Club ya Uingereza haisajili watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili.

Sasa makaratasi. "Amepimwa DNA" ni maneno ya kweli yanayodanganya vizuri kuliko yote. Soma karatasi yenyewe. Mara nyingi utakuta d/d, b/b, M/m: hizo ni rangi tu. Amepimwa kuona watoto watauzwaje, basi. Kwa bulldog wa Kifaransa tafuta mtoto wa jicho wa utotoni, asidi ya yuriki kwenye mkojo, na DM, ugonjwa wa uti wa mgongo. Kwa doodle tafuta prcd-PRA. Halafu kuna vitu ambavyo mate ya mbwa kwenye pamba hayawezi kuvisema kabisa: nyonga, viwiko, moyo, pumzi. Nyonga hupigwa eksirei, na OFA, shirika la Marekani la vyeti vya afya ya mbwa, haitoi cheti cha mwisho kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Jike wa miezi 16 mwenye watoto na "nyonga zimepimwa" ana makadirio ya awali, si cheti.

Cheti cha nasaba husema wazazi ni nani. Hakisemi ni wazima. Hata hivyo kiulize: chama gani? FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lililoanzishwa mwaka 1911, linatambua mbegu zaidi ya 350. Nairobi kuna East Africa Kennel Club. Chukua namba ya usajili na uwasiliane na chama wewe mwenyewe, usitumie namba ya simu uliyopewa na muuzaji. Linganisha na chipu iliyo chini ya ngozi ya mbwa: kisomaji cha chipu kipitishwe shingoni na mabegani, namba zitoke 15, zifanane moja moja na za kwenye cheti na kadi ya chanjo. Kadi ya chanjo iliyojazwa kwa kalamu tu, bila stika ya chupa yenye namba ya toleo na mhuri wa daktari, ihesabu kama haipo.

Nenda mwenyewe, na usikubali kukutania kituo cha mafuta. Mama awepo, na awe na watoto, si kufungiwa chumba cha pili. "Mama yao yuko shamba" ni jibu la zamani sana. Jike anayenyonyesha ana chuchu zilizovimba na watoto humkimbilia. Jike wa kuazima huwakwepa au kuwangurumia. Uliza alizaa lini mara ya mwisho. Majike wengi huingia joto kila miezi sita hivi, kwa hiyo mwenye jike mmoja na watoto wa kuuza Januari na Julai anamzalisha bila kupumzika. Mwenye mbegu sita tofauti "adimu" kwenye ua mmoja ni dalali.

Harufu ya kinyesi chenye damu, mtoto aliyejikunja pembeni wakati wenzake wanakula, tumbo lililovimba kama ngoma ilhali mbavu zinaonekana: ondoka, hata kama umesafiri kutoka Arusha. Hasa usimnunue kwa huruma, kwani pesa yako ndiyo itakayolipia uzao ujao. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu, hukaa mwilini siku tatu hadi saba, wakati mwingine hadi wiki mbili, kabla ya kutapika kuanza. Mapatano ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 yameandikwa na mtu anayelijua hilo. Dai siku 14, kwa maandishi.

Wengine hawana hata mbwa. Picha wameiba, itafute kwa programu ya kutafuta picha utaikuta kwenye tangazo la nchi nyingine. Omba simu ya video hapo hapo, mtoto na mama yake, na kijiko kilichowekwa pembeni ya sikio la kushoto. Kijiko, kwa sababu hakuna video ya kuiba yenye kijiko mahali hapo. Jina linalotokea kwenye M-Pesa likiwa si la uliyeongea naye, usimalizie muamala. Ukishatuma arubuni kwa tapeli zitafuata ada ya kreti, ada ya bima, ada ya karantini, kila moja "ya mwisho, na inarudishwa".

Walioko Ulaya wana hesabu yao rahisi. Kwa kanuni ya kawaida ya Umoja wa Ulaya, mtoto anayeingizwa huchanjwa kichaa cha mbwa akiwa na wiki 12 au zaidi, kisha husubiri siku 21. Jumla wiki 15. Ukiuziwa Uingereza au Ujerumani mtoto wa wiki tisa "aliyetoka nje", ama umri ni wa uongo, ama pasipoti, ama amepitishwa kwa magendo. Na England, tangu Aprili 2020, mtu wa kati haruhusiwi kibiashara kuuza mbwa wa chini ya miezi sita; mfugaji mwenyewe ndiye auze, mama akiwepo.

Mbwa adimu wa kweli wapo, na mmoja ni wa nyumbani. Basenji ametoka bonde la Kongo, na jina lake ni lile lile "washenzi" letu, lililotembea hadi Kilingala. Huko Marekani waliokuwa naye waliona mababu ni wachache mno na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi unaenea. Walichofanya ni kinyume cha soko: walirudi Kongo kutafuta mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 AKC, chama kikuu cha usajili wa mbwa Marekani, ikafungua daftari lake kuwapokea. Kipimo cha jeni ya Fanconi kipo tangu 2011, na wenye Basenji wengi bado huchovya kijiti cha kupima sukari kwenye mkojo wa mbwa kila mwezi. Mtu wa namna hiyo atakuhoji kuhusu ukuta wako, kazi yako na daktari wako kabla hujafika kwenye bei, kisha atakuweka kwenye foleni. Basenji kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka. Anayekuambia anao watoto Machi, anao Juni, na Septemba watakuwepo wengine, muulize wana mama wangapi, na uwaombe wote watolewe nje uwaone.